Kazi yetu ni pumzi za watu, na hivi ndivyo nilivyochoka

Watu wakijua kazi yangu ni kusaidia wagonjwa kupumua, yaani mambo ya ventileta (mashine ya kumpumulisha mtu), oksijeni, mirija na kadhalika, swali linalokuja karibu kila mara ni lilelile, hivi mnazoeaje kuona watu wanakufa? Zamani nilikuwa najibu juu juu, ah unazoea bana, kazi ni kazi. Siku hizi nasema ukweli, vifo sivyo vilivyonimaliza. Vinauma, sikatai, lakini kuna vifo unatoka pale umeumia ila uko sawa, unajua yule mtu ameondoka bila kuhangaika na nyie mmefanya yote yanayofanyika. Kilichonimaliza mimi ni kuwa mikono. Unaitwa, unafanya, unaondoka, hakuna anayekuuliza wewe umeonaje, na mwisho wa yule mgonjwa huujui mpaka labda ukutane na mtu kwenye lifti. Fundi bomba tu.

Nchi nyingi hii kada ya watu wa upumuaji haipo peke yake, kazi zinagawanywa kwa manesi wa ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, watu wa usingizi na wa fiziotherapi, kwa hiyo kama uko kwenye hayo makundi haya yanakuhusu vilevile. Pale kada ilipo, nesi wa ICU ana mgonjwa wake mmoja au wawili anakaa nao zamu nzima, daktari ana listi yake, sisi tunazunguka. Unaanza ICU unacheki ventileta moja moja, unaangalia mgonjwa anapewa hewa kiasi gani kwa pumzi maana ile hesabu ya mililita 6 kwa kilo inatoka kwenye urefu wake na sio kwenye uzito unaouona kitandani, unapima presha ya lile puto dogo linaloziba mrija kwenye koo, isishuke chini ya 20 isivuke 30, unanyonya makohozi, na hujamaliza simu inaita kwa watoto wachanga, ukitoka huko wodini kuna mtu wa pumu amebanwa hata sentensi hamalizi, halafu spika inatangaza kuna moyo umesimama ghorofa ya juu nawe unapanda ngazi mbio na begi lako.

Kwenye moyo uliosimama nafasi yangu ni kichwani kwa mgonjwa. Mrija ukishaingia ni kuminya ambu, ule mfuko wa kusukuma hewa kwa mkono, pumzi moja kila sekunde 6 kwa mtu mzima, basi. Inaonekana rahisi. Sasa jaribu wakati mwenzako anabonyeza kifua, mwingine anaita dawa, mwingine anahesabu dakika, mikono yako yenyewe inataka kukimbia, na ukiminya haraka haraka unajaza kifua hewa na damu inashindwa kurudi kwenye moyo, kwa hiyo wakati chumba kizima kina haraka wewe kazi yako ni kutokuwa na haraka. Na uso wa mgonjwa unao wewe. Wengine wanaona kifua, wanaona monita, wanaona mkono wenye dripu. Sisi tunaona uso dakika zote hizo.

Halafu inaisha. Ama moyo umerudi tunampeleka ICU ama daktari anataja saa ya kifo. Timu inayofanya vizuri inakaa dakika chache pembeni wanaongea, nini kimeenda sawa, nani yuko vibaya. Na mimi sipo! Si kwamba wamenikataza, ni kwamba simu yangu imeshaita sehemu nyingine na kuna mtu anapumua mara 40 kwa dakika huko. Miaka kadhaa karibu vikao vyote hivyo sikuwepo. Manesi wa wodi ile wanalia pamoja, wanakumbatiana, kesho wanaulizana hali, mimi niko kona nyingine ya jengo nafungua mrija mpya kwenye pakiti. Hakuna ubaya uliofanywa na mtu yeyote hapo, ni mpangilio tu wa kazi, ila mpangilio unaweza kukumaliza bila mtu mbaya kuwepo.

Dalili zangu hazikuja na kelele. Kwanza majina yaliacha kukaa kichwani, watu wakawa kitanda cha 4, venti ya dirishani, yule wa mapafu magumu. Halafu alamu. Ventileta ina alamu ya presha kupanda, mara nyingi ni kikohozi, au makohozi, au mtu anauma mrija, au maji yamejikusanya kwenye mipira, na ukikaa nayo unajua kwa masikio tu ipi ya kukimbilia. Sasa mimi nikawa naisikia nikiwa naoga. Nazima maji nasikiliza, hakuna kitu, nafungua maji inaanza tena. Nyumbani mtu akiniambia jambo lake, labda kagombana na bosi wake, ndani kwangu nasema we unapumua mwenyewe unalalamika nini. Sikuwa nasema kwa mdomo ila uso ulikuwa unasema, nadhani, maana watu waliacha kunihadithia mambo yao.

Na kinachochanganya ni kwamba kazini nilikuwa mzuri kuliko zamani. Haraka, sahihi, sina drama. Wakubwa walinisifia. Baadaye nikaja kujua kwamba hiyo nayo ina mahali pake, mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson walitoa dodoso la kupima uchovu wa kazi na wakaligawa sehemu tatu, kuishiwa hisia, kuwaona watu kama vitu, na kuhisi hufanikishi chochote cha maana kazini. Ile ya pili ndiyo inayodanganya katika kazi yetu, maana mtu anayemwona mgonjwa kama mapafu na namba anaweza kuonekana mtulivu sana, tena wakati wa dharura unamtaka mtu wa hivyo. Shida yake ni pale dharura ikiisha naye harudi.

Ya tatu, ile ya kazi kukosa maana, hiyo ilinipata kwa njia ambayo watu wa nje hawaifikirii. Sio ICU. Ni nebulaiza, ile mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu mtu anauvuta kwa barakoa. Mtu amelazwa kavunjika nyonga, mapafu masafi kabisa, lakini kuna oda ya nebulaiza kila masaa 4 ambayo iliandikwa siku ya kwanza na hakuna aliyeifuta. Naenda saa nane za usiku namwamsha mzee wa watu aliyelala vizuri, namvalisha barakoa, nasikiliza kifua hakina hata mluzi, dawa inaisha, mapigo ya moyo yamepanda kidogo kwa ajili ya ile dawa, narudi naandika nimetoa. Hapo hapo juu kuna mtu nimechelewa kumcheki venti. Zidisha hiyo kwa wodi nzima. Unajua unachofanya hakimsaidii mtu, unajua nani ungemsaidia, na huna ruhusa ya kuamua. Mwaka 1984 mwanafalsafa mmoja wa maadili ya tiba, Andrew Jameton, aliandika kuhusu manesi wanaojua lililo sawa lakini taratibu za kazi zinawazuia kulifanya, akaliona hilo kama dhiki ya aina yake, si huzuni ya kawaida. Mimi nilipolisoma niliwaza hao wazee wangu wa saa nane usiku kabla hata sijawaza mgonjwa wa ICU.

Corona ilikuja 2020 ikakuta mtu ambaye tayari yuko hivyo. Sitaandika sana, kila mtu wa afya ana yake na nyingi zinafanana. Mkimlaza mgonjwa kifudifudi, na tulikuwa tunawaacha hivyo masaa 16 au zaidi, mtu wa upumuaji ndiye anayeshika kichwa na mrija na ndiye anayehesabu moja mbili tatu wote wageuze, mrija ukitoka pale umempoteza. Mikono yangu ilikuwa inabaki imekaza vidole hata nikivua glavu. Ndugu hawaruhusiwi kuingia kwa hiyo unashika simu ya video karibu na sikio la mtu aliyelazwa usingizi wa dawa na upande wa pili wanamwimbia. Na kwenye taarifa za habari kila siku wanahesabu ventileta, ventileta ngapi zimenunuliwa, ventileta ngapi zinakuja, aisee nilikuwa natamani mtu mmoja tu aulize nani atazikalia. Mashine haijiendeshi!

Kuna kisa cha zamani ambacho siku hizo nilikuwa nakirudia rudia. Copenhagen mwaka 1952 kulikuwa na mlipuko mkubwa wa polio, watu wanapooza misuli ya kupumulia, mashine za wakati huo hazitoshi, daktari wa usingizi Bjørn Ibsen akapendekeza watobolewe koo na wapewe hewa kwa mkono. Wakaletwa wanafunzi wa udaktari, takriban 1,500 kwa jumla, wanakaa kwa zamu wanaminya mfuko, mchana na usiku, vifo vikashuka sana na ndiko ICU za leo zinakotokea. Kila mtu anakisimulia kama kisa cha ushindi na ni kweli ni ushindi. Mimi nilichokuwa nakiona ni kiti. Mwanafunzi alikuwa na kiti pembeni ya kitanda kimoja. Alichoka, aliogopa, bila shaka wengine walilia, ila alikuwa anamjua mtu anayempa pumzi, na mtu yule alikuwa anamjua. Sisi wajukuu wao tuna mashine nzuri mno na hatuna kiti.

Sasa kilichonifikisha mwisho. Inapoamuliwa kwamba mgonjwa hatapona na familia imekubali aachwe aende, mtu wa kutoa mrija ni sisi. Inafanywa kwa utaratibu, dawa ya kuzuia asihisi kukosa hewa inatangulia, alamu zote nazinyamazisha mapema ili chumba kisipige kelele, napunguza msaada wa mashine taratibu huku namwangalia paji la uso na mabega kama yanahangaika, nesi anaongeza dawa kama kuna dalili, nanyonya makohozi, natoa hewa kwenye puto, nabandua plasta, navuta. Plasta ikikaa siku nyingi inaacha alama nyekundu shavuni, na mimi nina kawaida ya kufuta pale na kitambaa chenye maji ya vuguvugu kabla ndugu hawajasogea, hakuna aliyenifundisha.

Siku hiyo niliitwa kwenye simu, kitanda fulani kuna kutoa mrija, njoo. Nilikuwa sijamwona yule mgonjwa wiki nzima, nilikuwa upande mwingine. Kikao cha familia kilishafanyika na sikukijua. Naingia na troli yangu, binti yake ananiangalia mikono, sio usoni, mikono, anauliza,

“Kaka, wewe ndiyo unakuja kumzimia baba?”

Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza tu ajue. Nesi akadakia vizuri sana, akasema hapana dada yangu, ugonjwa ndio unaomchukua mzee, huyu kaka anakuja kumwondolea mrija asisumbuke. Lilikuwa jibu zuri na la kweli. Lakini mimi sikuweza kulisema mwenyewe kwa sababu sikuwa najua, sikuwa najua mzee alitaka nini, nani aliamua, binti alikubali au alilazimika, sikuwa najua hata jina lake la kuitwa nyumbani. Nilifanya kazi yangu, ilikwenda vizuri, mzee alipumua mwenyewe kwa muda akapumzika. Na simu iliita nikiwa bado nakunja mipira. Nikaenda emajensi nikamwekea mtu oksijeni nikatania na wenzangu, nikarudi nyumbani nikakaa kwenye gari nje mpaka taa ya ndani ya gari ikajizima yenyewe, sikuweza kushuka. Nilikuwa sijui nalilia nini kwa sababu yule mzee simfahamu.

Hospitali haikukaa kimya, niwatendee haki. Kwa wakati ule walituletea semina ya ustahimilivu, na mabango ukutani ya kutufundisha kuvuta pumzi ndefu puani na kutoa mdomoni. Mimi. Mtu wa upumuaji. Tulicheka sana siku ile na kicheko nacho ni dawa, lakini ujumbe uliopo chini yake ndio uliokuwa unaniudhi, kwamba tatizo liko kwako, jirekebishe. Wakati Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilipoweka uchovu huu kwenye orodha yake ya kimataifa ya magonjwa lilisema wazi kuwa huu sio ugonjwa, ni hali inayotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haujashughulikiwa. Wa kazini. Semina haipunguzi idadi ya venti ambazo mtu mmoja anazicheki usiku.

Nilienda kwa mshauri nasaha kwa sababu dada mmoja, nesi mkuu wa zamu, alinivuta pembeni akaniambia we mdogo wangu hujala chakula cha mchana siku hizi, unakaa stoo. Hakuniuliza kama nina msongo, aliniambia anachokiona. Mshauri alinisaidia, usingizi ulirudi, zile alamu za bafuni zilipungua, na cha muhimu alinichuja vizuri kama huu ni uchovu wa kazi au ni sonona, maana ni vitu viwili. Kama uko likizo, umelala, umekula, na bado hakuna kinachokufurahisha, au umeanza kuwaza ni heri usiwepo, usijiambie ni kazi tu, nenda kwa daktari leo hii na umwambie mtu wako wa karibu. Kazi yetu imezungukwa na dawa na tunajua kila dozi, kwa hiyo hilo sisemi kwa kupamba.

Lakini mshauri nasaha hawezi kukuweka kwenye kikao cha familia. Hilo nililiomba mwenyewe. Nilimwendea dokta bingwa wa ICU nikamwambia dokta, mimi ndiye ninayevuta mrija, naomba niwepo mnapozungumza. Nilitegemea anitajie sababu kumi. Akasema kwani huwa hamuitwi? Kumbe hakuwa anajua! Sasa tunaitwa, sio mara zote, kazi ikizidi haiwezekani, ila nikiwepo nawaeleza ndugu mimi mwenyewe watakachokiona, kwamba pumzi zitabadilika, kutakuwa na vituo virefu, kunaweza kuwa na sauti ya koo na hiyo haimaanishi anateseka. Wakati wa kutoa mrija ukifika wananijua. Kifo ni kilekile na mikono ni ileile ila nikitoka pale natoka mzima, sijui nielezeje zaidi ya hapo.

Kwenye nebulaiza tulipigana zaidi, miezi na miezi ya vikao. Mwisho tukapewa utaratibu wa kupima mgonjwa sisi wenyewe na kushusha au kusimamisha tiba isiyohitajika bila kungoja sahihi ya daktari, ndani ya vigezo vilivyokubaliwa. Hospitali za Marekani na Kanada zimekuwa nao miaka mingi. Kama wewe ni kiongozi na unataka kujua uanzie wapi kupunguza uchovu wa hawa watu, mimi ningekwambia anza hapo kabla ya keki na mabango. Sio kwa sababu ya masaa tu, ingawa masaa yanapungua kweli. Mtu akiruhusiwa kusema huyu hahitaji, anarudi kuwa mtu mwenye kichwa.

Na baada ya kifo sasa mmoja wetu anasema tusimame kidogo, sekunde chache tu, kwa ajili ya huyu mtu na kwa ajili yetu, halafu ndipo watu wanaondoka. Mwanzo niliona kama maigizo. Siku hizi simu ikiita wakati ule naiacha iite mara mbili tatu, kama sio dharura ya kweli wanasubiri, na huwa wanasubiri.

Waliopona nao wanarudi mara mojamoja kutusalimia. Hawatukumbuki, wengi hawakumbuki chochote cha ICU au wanakumbuka ndoto mbaya tu, na zamani nilikuwa sisogei, nilihisi ni wageni wa manesi. Juzi alikuja mama mmoja ambaye tulihangaika sana kumwachisha mashine, anajaribiwa nusu saa anachoka, kesho tena, wiki zikapita. Alisema sauti yake bado ina mkwaruzo, ni kweli? Nikamsikiliza anavyoongea na masikio ya kazi, nikamwambia kidogo mama, na kama inakukera kamwone daktari wa koo, mrija ukikaa muda mrefu huwa inatokea. Tukaongea mpaka simu ikaita.

Usiku bado tuko wachache. Hilo halijabadilika na hakuna kiti wala kikao kitakachoziba pengo la watu. Tumeandika barua na wenzangu, tumeweka namba za venti kwa kila zamu na matukio ya moyo kusimama yaliyogongana, majibu yamekuja kwamba bajeti ya mwaka huu imefungwa. Tunaandika nyingine kabla bajeti ya mwakani haijafungwa nayo, na safari hii manesi wa ICU wamekubali kusaini pamoja nasi.